Umbali Kati ya Mkono na Pesa

Wafanyabiashara wa Majengo na Sabasaba hapa Dodoma mmefunga vibanda mapema ili muwahi kufika. Najua kufunga kibanda saa kumi jioni ni hasara, kwa hiyo nitajitahidi nisiwatie hasara ya pili.

Tarehe 1 Mei 2025, katika Uwanja wa Bombadia mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Nyongeza ile ilikuwa haki, na ilikuwa imengojewa. Lakini mimi nimeombwa nizungumzie matumizi, mapato nimewaachia wengine, kwa hiyo sina budi kuuliza swali lisilopigiwa makofi: ile nyongeza imekwenda wapi? Wengi niliowauliza wamenijibu kwa maneno mawili: “Humo humo.”

Wataalamu wa fedha wakisimama mbele ya watu hutuambia tuandike bajeti, tujizuie, tuache anasa. Maneno mazuri, ila huu ni mji wa wahasibu, wachumi na maafisa mipango. Mtu anashinda ofisini akiandaa makadirio ya wizara nzima, jioni anakopa nauli ya bodaboda. Huyo huwezi kumwambia hajui kujumlisha. Ninavyoona mimi, matumizi hupita kiasi pale pesa inapokuwa karibu mno na mkono, na pale tunapoitoa huku watu wanatutazama. Anayetaka kupunguza matumizi asianze kwa kuusuta moyo wake. Aanze kwa kuisogeza pesa mbali.

Tumchukue mtumishi wa kima cha chini, yule wa 500,000. Akikatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, PSSSF, yaani 25,000, na asilimia 3 ya bima ya afya, yaani 15,000, kisha kodi ya mshahara 16,400, anabaki na 443,600, bado hajatoa ada ya chama cha wafanyakazi. Akiwa na mshahara wa zamani alikuwa akipeleka nyumbani kama 334,000. Kwa hiyo nyongeza aliyoishika mkononi ni kama 110,000. Sasa mfuate siku moja ya kawaida. Anatoka Nkuhungu kwa bodaboda kwa sababu amechelewa daladala. Saa nne chai na sambusa. Bando la siku. Soda ya mchana. Jioni chipsi mayai, maana amechoka kupika. Toa nauli na chakula ambavyo hana njia ya kuvikwepa. Hivi vidogo vilivyobaki, ambavyo hakuvipanga, tuseme ni 4,000. Kwa siku 30 ni 120,000. Nyongeza yote ya Singida imeondoka, na juu yake ameongeza elfu kumi. Hakuna aliyemwibia, na ukimuuliza atakuapia kwamba mwezi mzima hajanunua kitu.

Wazee wa nyanda hizi za kati walilijua tatizo hili kabla ya benki yoyote kufika. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hivi hadi Aprili, na kwa Dodoma mwaka wa kawaida haifiki milimita 600. Mavuno huja mara moja, matumbo hula kila siku. Njaa imepita hapa mara nyingi, na ile iliyobaki midomoni mwa wazee wa Kigogo ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Watu waliopitia hayo hawakuacha ziada mahali pa kuichota ovyo. Mtama na uwele viliwekwa kwenye vihenge ndani ya tembe, na mwenye kuchota alikuwa mama wa nyumba, kwa kipimo chake. Ziada ikizidi, ikawa ng'ombe. Na ng'ombe hauzwi kwa hamu ya soda. Ni lazima aswagwe hadi mnadani, siku ya mnada ifike, ndugu wapate habari, wazee waulize anauzwa kwa shida gani. Pengine wenye haki naye ni wengi, maana mama yake aliingia zizini kwa mahari ya dada. Kati ya tamaa na pesa palikuwa na kilomita, siku na maswali.

Sisemi turudi huko. Mwenye ng'ombe mia aliweza kuamka maskini baada ya ukame mmoja au sotoka kupita, na anayezisifia zama hizo kupita kiasi hajawahi kuzika zizi. Nasema tu kwamba akiba ile ilikuwa na mlango mgumu, na ugumu wa mlango ndio uliokuwa faida yake.

Desturi hiyo haijafa. Nendeni mnada wa Msalato mkakae karibu na wauza ng'ombe. Nilimwona mzee mmoja akiuza dume la rangi ya udongo. Alizihesabu noti mara mbili, akachomoa nyekundu mbili, na fungu lililobaki akampa mkewe aliyekuwa amesimama nyuma yake kimya. Mama akazifunga kwenye pindo la kanga, akapenyeza kanga ile ndani ya nyingine, akaondoka kutafuta gari la kurudi kijijini. Ndipo mzee akaenda kwenye moshi wa nyama choma, akaagiza kilo moja na soda, akakaa na wenzake kwa raha zake zote. Muziki ulikuwapo, mitumba ilikuwapo, redio na viatu vilikuwapo, na mnadi alikuwa akimwita kwa cheo cha “bosi”. Mzee hakuhitaji kuwa na moyo wa chuma, kwa kuwa mfukoni alikuwa na elfu ishirini tu.

Simu imekuja kuondoa yote hayo kwa mkupuo. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na sitaisema vibaya: mzazi wa Mpwapwa halazimiki tena kupanda basi kupeleka ada ya mtoto aliyeko Singida. Lakini kilomita, siku na maswali vimekwisha. Mshahara unaingia usiku, na kabla hujanawa uso umeshalipa deni la Songesha, bando, king'amuzi na mkeka wa mpira. Salio likipungua, simu yenyewe inajitolea kukukopesha umalizie muamala, na hakuna mzee wa kukuuliza shida gani. Watu wengine wamefanya kazi kubwa, kwa akili nyingi, kuhakikisha kwamba kati ya hamu yako na pesa yako hapabaki nafasi hata ya kuvuta pumzi. Kwenda kupambana nao kwa kujizuia peke yake ni kwenda vitani na fimbo.

Na Dodoma ina jambo lake la pekee. Serikali ilipoamua kwa vitendo kuhamia hapa mwaka 2016, miaka 43 baada ya uamuzi wa 1973, ardhi ilibadilika thamani mbele ya macho ya wenyeji. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ilivunjwa 2017, mwaka uliofuata tukawa jiji, Mji wa Serikali ukapanda juu pale Mtumba. Familia za Ihumwa, Nzuguni na Msalato zilizolima mtama na karanga miaka yote zikajikuta zinauza viwanja au zinapokea fidia. Wapo waliojenga vyumba vya kupangisha, na leo wanaishi vizuri kuliko mimi. Wapo pia ambao pesa ya shamba la babu iligeuka pikipiki tatu na sabufa, na leo pikipiki zimewekwa juu ya mawe. Tumewacheka sana hao, nami naona tumewaonea. Mtu aliyezoea kushika laki mbili baada ya mavuno anakabidhiwa mamilioni kwa siku moja, mbele ya shemeji, madalali na wauza magari waliokwishapata habari. Ningekuwa na sauti mahali fulani, ningeomba kila anayelipwa fidia aulizwe kwanza kama angependa kuipokea kwa mafungu.

Tusidhani huu ni ugonjwa wa wenye kipato kidogo au wasiosoma. Mfujaji mkubwa kuliko wote waliowahi kukanyaga nyanda hizi alikuwa serikali ya Uingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, ukazunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukiwa angani, ukarudi na mpango wa kulima karanga ekari zaidi ya milioni tatu, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yakanunuliwa kabla udongo haujapimwa sawasawa. Mengine yalikuwa mabaki ya vita, na kukawa na vifaru vilivyogeuzwa kuwa trekta. Vichaka vya Kongwa vikavunja majembe. Mvua ikaja kidogo, jua likaukausha ule udongo wa mfinyanzi hadi karanga hazing'oki. Badala ya kusimama, wakaongeza pesa, kwa sababu walikuwa wameshatumia nyingi. Mpango ulifutwa Januari 1951, na hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Angalieni mfululizo wake: kununua kwanza, kupima baadaye, kisha kila kilichotumika kuwa sababu ya kutumia zaidi. Humu ukumbini wamo waliolitengeneza gari bovu mara ya nne kwa sababu tu walishalitengeneza mara tatu. Kongwa baadaye ilipata ranchi, na ardhi iliyokataa karanga za Waingereza ikawakubali ng'ombe. Wagogo wangeweza kuwaambia hivyo mapema.

Je, kuna ushahidi kwamba kuisogeza pesa mbali kunasaidia, au ni maneno ya mzee wa Msalato tu? Upo, na hauko mbali. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walitaka kujua kwa nini wakulima wanaoijua faida ya mbolea hawainunui. Waligundua kwamba wengi hukusudia kununua, lakini msimu wa kuitumia ukifika pesa ya mavuno imeshakwenda. Basi wakawafuata wakulima mara tu baada ya kuvuna, pesa ikiwa bado mkononi, wakawapa nafasi ya kulipia mbolea ya msimu ujao palepale na kuletewa bure baadaye. Matumizi ya mbolea yalipanda kwa kati ya asilimia 47 na 70. Jaribio hilo lilizaa matunda zaidi kuliko kuwapunguzia bei kwa nusu wakati wa msimu wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Wakulima wale hawakuhubiriwa. Walipewa tu njia ya kuitoa pesa mkononi siku waliyokuwa nayo. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, anayevuna mara mbili kwa mwaka na kulipwa kwa mkupuo, anaweza kufanya hivyo hivyo kwa dawa, samadi na ada za watoto, siku ileile ya malipo.

Sasa nije penye moto, yaani michango. Pesa nyingi ya Dodoma haiishii dukani, inaishia kwenye kamati. Mji umejaa wageni, na kila mgeni yumo kwenye makundi ya WhatsApp: la ofisi, la waliosoma pamoja, la wanyumbani, la jumuiya, la mtaa. Kila kundi lina harusi, na harusi haiji peke yake. Inatanguliwa na kuvishwa pete, kicheni pati na sendofu, kila shughuli na kadi yake na sare yake. Kwenye kikao katibu anasoma majina na viwango: fulani laki moja, fulani laki mbili. Wewe uliyekuja na nia ya kusema elfu thelathini unaona haya, unatamka laki ambayo huna. Nimewahi kukaa katika kikao ambacho mweka hazina alisoma ahadi za milioni 14 na taslimu milioni 3 na laki mbili. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huzuni, kisha wakakubaliana kuchukua ukumbi mkubwa zaidi.

Tusijione wa kwanza. Huko Lamu na Mombasa, karne iliyopita, vyama vya beni vilishindana kwa sare, bendi na karamu, na wanawake wa lelemama nao wakashindana. Hawa wakichinja ng'ombe, wale wanachinja zaidi. Nyuma ya shindano palikuwa na heshima, na heshima ni kitu cha kweli. Ndiyo maana siungani na wanaotaka michango ikomeshwe. Siku mtoto amelazwa Hospitali ya Benjamin Mkapa au baba amefariki Kondoa, ni watu walewale wa kundi la WhatsApp watakaokuja na rambirambi. Mchango ni bima ya mtu asiye na bima. Tajikistan walijaribu kutumia nguvu: mwaka 2007 walitunga sheria inayoweka kikomo cha wageni 150 kwenye harusi. Kwetu sheria ya namna hiyo ingemletea ulaji mtendaji wa mtaa na si kingine.

Ninachopendekeza ni kidogo zaidi. Kila Januari amua fungu la michango ya mwaka mzima, tuseme 240,000 kama kipato chako ni cha yule tuliyemhesabia, uliweke peke yake, na likiisha sema limeisha. Usitoe ahadi kamwe. Toa taslimu ulichonacho siku ile, hata kama ni elfu kumi, kwa sababu ahadi ni deni ulilolichukua huku ukipigiwa makofi. Na kamati zisome majina bila viwango. Kiwango akijue mweka hazina peke yake. Kamati moja ikithubutu, nyingine zitafuata, na baadhi yenu hapa ni wenyeviti wa kamati tatu tatu.

Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nao hawakuwahi kukutana na mikopo kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ipo. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, na Novemba 2024 ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zinazofanya kazi bila idhini. Lakini yule wa mtaani anayedai asilimia 30 kwa mwezi hana programu wala ofisi. Ana daftari, na humo daftarini zimo kadi za benki za walimu na namba zao za siri. Kwa mkopo wa 300,000 anachukua riba ya 90,000 kila mwezi, na deni lenyewe halijaguswa. Taratibu za utumishi zinamlinda mfanyakazi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake, ila zinalinda makato yanayopita kwa mwajiri tu. Aliyekabidhi kadi amejitoa mwenyewe kwenye ulinzi huo. Nitawaomba jambo moja gumu: kama kadi yako iko kwa mtu, usione aibu kumwambia mwenzi wako leo usiku. Deni la siri hulipwa kwa deni lingine la siri.

Vifaa vya kujenga umbali tunavyo, na vingi ni vya bei ndogo. Kibubu cha mbao kinachouzwa barabarani hakina mfuniko, ukitaka pesa ni lazima ukivunje kwa nyundo na nyumba nzima isikie. Vikoba vina sanduku la kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Mtindo huo ulianzia kwa wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, ukatufikia na kukaa. Nimesikia watu wenye shahada wakivicheka vikoba kwamba ni mambo ya akina mama wa sokoni. Akina mama hao huwezi kuwakuta tarehe 15 wakiomba kusogezewa mbele mshahara. Mwenye SACCOS kazini ana njia rahisi zaidi: akiba ikatwe kabla mshahara haujafika kwenye simu. Pesa ambayo haikuonekana haiombwi na mtu, hata na mwenyewe.

Wakati mzuri wa kuanza ni siku nyongeza inapotangazwa, kabla haijaanza kulipwa, maana hakuna aliyeizoea bado. Kama mwaka 2025, kati ya Mei na Julai, yule mtumishi wetu angesaini nusu tu ya 110,000 iende akiba, angekuwa anaweka 55,000 kila mwezi huku bado akiishi vizuri kuliko mwezi Juni. Kwa mwaka ni 660,000. Ni mtaji wa kibanda, au bati za chumba kimoja, au ada bila kupita kwa mwenye daftari.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa maafisa utumishi na viongozi wa SACCOS mlio humu. Katika ofisi zenu mtu akitaka mkopo, fomu iko mezani, kalamu iko mezani, na kuna kijana wa kumwonyesha pa kusaini. Akitaka kukatwa akiba anaambiwa aandike barua, apitishie kwa mkuu wake, arudi wiki ijayo. Geuzeni hilo. Fomu ya akiba iwekwe mezani, ya mkopo iingie kabatini, na atakayeitaka aiombe kwa mdomo wake.